Tumbo la Binti wa Fundi Saa

Kijiwe chenyewe ni benchi moja lenye mguu mbovu, kati ya kibanda cha fundi saa na banda la kinyozi. Fundi saa huyu ana tabia moja: hafungui saa yako kabla hajakuhoji. Ilianguka? Iliingia maji? Husimama wakati gani? Ukimjibu ovyo, anakurudishia. Asubuhi hiyo, lakini, kahawa ilikuwa inampoa mkononi. Binti yake wa kidato cha pili hakwenda shule tena, amelala kajikunja kwa tumbo, na hii ni wiki ya tatu. Roho ya baba wa watu ilikuwa juu juu.

— Hospitali wamesemaje? — aliuliza kinyozi.

— Wamepima damu, wamepima choo, wamepiga picha. Hawaoni kitu.

— Basi ni simu. Analala nayo juu ya tumbo, chaji inaingia utumboni.

— Simu wapi! — alidakia Injinia, ambaye uinjinia wake wote ni kutengeneza pasi. — Utumbo ni bomba. Watoto wanakaa wamepinda, bomba linajikunja. Mning'inize kichwa chini dakika kumi.

— Ni mtoto yule, si koti! — alisema kinyozi.

— Mie simo, — alisema Mama Kahawa, huku anamimina. — Ila kuna mmoja alimeza mbegu ya chungwa, ikamuotea. Ilishaanza kutoa majani.

— Uliyaona? — aliuliza kinyozi.

— Alinisimulia aliyeyaona.

— Labda anajisingizia, — alisema Injinia.

Fundi alimkata jicho. — Jasho la baridi linamtoka, mwenzangu. Nimemfuta kwa mkono wangu huu.

— Basi mpe dawa ya kuharisha, — kinyozi alihitimisha. — Chupa nzima. Kitakachokuwemo kitatoka.

Fundi aligusa mfuko wa shati. Chupa alishainunua, na mchana ndipo alipopanga kumnywesha.

Hapo akafika dada mmoja mgeni, saa mkononi.

— Inasimama simama, fundi.

— Husimama wakati gani?

— Mh! Sijaangalia.

— Basi kaiangalie siku mbili, halafu uje.

Dada akacheka, akaitia saa mkobani.

— Haya. Na tumbo la mwanao? Nimewasikia tangu kule kona. Jumamosi pia linamuuma?

Kinyozi alimtazama Injinia, Injinia akatazama kikombe. Hata Mama Kahawa, ambaye hakosi la kusema, alifuta birika lililokuwa safi.

— Sijui, — alisema Fundi. Aibu ilimjaa usoni. — Mimi ndiye baba, na sijui.

Akaiacha chupa kwenye benchi, akafunga kibanda, akaenda nyumbani. Binti alikuwa kitandani, uso umeelekea ukutani. Fundi akakaa pembeni yake.

— Mwanangu, huwa linaanza wakati gani?

Binti akageuka kumtazama.

— Nikivaa sketi ya shule, baba. Jumamosi haliumi. — Halafu machozi yakamtoka. — Lakini linauma kweli! Sidanganyi!

— Najua linauma kweli. Na huko shule kuna nini?

— Tunasimamishwa mbele, tunasoma kwa sauti. Nikikosea wananicheka.

Fundi akavua viatu, akapandisha miguu kitandani, akaendelea kumuuliza taratibu, moja baada ya jingine. Kibanda hakikufunguliwa tena siku hiyo.