Tundu Moja Kwenye Ukuta wa Mzee Githinji

Mgeni rasmi, Mzee Githinji, mwenye jengo hili na kila tofali lililomo. Mwajiri wetu Mama Wahu. Fundi wetu Wakoli kutoka Huruma. Nanyi majirani mliovutwa na harufu ya pilau: sisi wafanyakazi tisa wa dobi hii tunawasalimu kwa furaha inayotufanya tucheke hata pasipochekesha.

MAKARIBISHO

Karibu, Mzee. Kiti chako tumekitandikia shuka jipya. Tafadhali usigeuke nyuma kwanza. Hilo pazia tutalifikia.

TULIKOTOKA

Dobi ilianza na mashine tatu za kukausha nguo, zote za gesi, na hakuna hata moja iliyokuwa na bomba la kutolea hewa nje. Moshi, mvuke na manyoya ya taulo vilibaki humu humu pamoja nasi. Ikifika saa nne asubuhi vichwa vinatugonga, na mtu akipiga chafya inatoka na rangi ya mashuka ya siku hiyo.

Aliyeumia zaidi ni Nekesa wa mashine namba tatu, ile ya pembeni kabisa. Nekesa huimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisani kwao. Jumapili moja alifungua kinywa, kikatoka kikohozi. Jumatatu alikunja taulo arobaini, kisha akasema: "Mimi Ijumaa naenda. Siwezi kufa nikikausha shuka za watu."

Tuliogopa sana, maana Nekesa hasemi jambo mara mbili, na ana watoto watatu nyumbani. Mama Wahu akakupigia simu kuomba ruhusa ya kutoboa ukuta. Ulimjibu, Mzee, tulikusikia wote: "Ukuta yangu haijawahi tobolewa, na haitatobolewa."

MAFANIKIO, NA KOSA MOJA

Mzee, tulitoboa. Ilikuwa Jumanne, wewe ukiwa Timboroa kwa viazi vyako. Wakoli alikuja na nyundo, patasi na bomba la bati, fupi na lililonyooka, kwa sababu kila kona ni mahali pa manyoya kulala. Tulipowasha namba moja, tuliyoanza nayo kwa kujaribu, joto lote likaenda nje. Tulicheza mpaka Mama Wahu akavua viatu.

Kosa ni letu. Tuliogopa ndege wataingia, tukafunga wavu wa kuku kwenye mdomo wa bomba bila kumuuliza fundi. Ijumaa, Nekesa akiwa ameshabeba mkoba wake, manyoya yalikuwa yameziba wavu wote na bomba likaanza kuwaka. Sisi wanane tulipiga kelele. Nekesa alitupa mkoba, akafunga gesi, akamwaga ndoo nzima ya maji ya kulainisha nguo. Moto ulizimika ukinukia maua.

Wakoli alishika kichwa. "Nyinyi watu! Mnafuga kuku ndani ya bomba?" Siku hizi mdomoni kuna kifuniko kinachofunguliwa na hewa yenyewe ikitoka, na bomba tunalisafisha kila Jumamosi.

Nekesa aliokota mkoba wake, akauangalia, akautundika tena. "Nitangoja Mzee akuje," alisema.

CHANGAMOTO

Namba mbili na namba tatu bado zinatupumulia sisi. Tunafanya kazi milango ikiwa wazi, tumevaa makoti kando ya mashine za moto, kwa baridi hii ya Eldoret. Kuziunganisha zote na bomba moja Wakoli amekataa katakata, kwani moshi wa moja utarudi ndani kupitia nyingine.

OMBI

Mablanketi yako, Mzee, hupitia namba tatu kila Alhamisi, mikononi mwa Nekesa.

Sasa geuka. Vuta pazia. Tundu la kwanza ndilo hilo, na tunaomba msamaha. Maduara mawili ya chaki yaliyo kando yake hayajaguswa. Safari hii tunauliza kwanza.

Utepe hatukununua. Nekesa amekuja mbele na nyundo. Ipokee, Mzee. Piga mara moja tu ndani ya duara la namba tatu, naye ameahidi kukuimbia hapa hapa, kwa sauti yoyote iliyobaki.

Mungu akujalie viazi vikubwa, paa lisilovuja, na wapangaji wanaouliza kabla ya kutoboa.

Ni sisi tisa, ambao tunataka kubaki tisa,
Wafanyakazi wa Dobi ya Mama Wahu, Eldoret.