Mkwe Aliyetoka Nyuma ya Ubao: Buriani kwa Sista Tusekile Yohana

Tarehe 29 Novemba tunamuaga rasmi Mheshimiwa Tusekile Yohana, anayestaafu baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi: ishirini na mitatu akiwa muuguzi na mkunga katika kituo chetu cha afya, kumi na mitano akiwa mbunge. Kwa wapiga kura ni Mheshimiwa. Kwetu sisi tuliovaa naye gauni jeupe bado ni Sista Tuse, na akijifanya hasikii tunamwita kwa sauti zaidi.

Huko Dodoma aliuliza swali la boti ya wagonjwa kila kikao, mpaka wenzake wakambatiza Mama Boti. Boti ilikuja. Akina mama wa Kikisi, wafinyanzi wa vyungu kule ufukweni mwa ziwa, hawapandishwi tena mtumbwini uchungu ukiwa umeshakaza. Uuguzi nao haukumtoka. Mbunge mmoja aliyempinga kwa makelele alishtukia ameshikwa kifundo cha mkono, mapigo yanasikilizwa, anaambiwa apunguze chumvi.

Lakini safari hiyo nusura ikatike kabla haijaanza, na chanzo ni baba mkwe wake.

Wageni watakaosoma programu hii waelewe jambo moja. Kwa Wanyakyusa wa rika lile, mke hakutani na baba mkwe. Akimwona njiani anaingia shambani mpaka apite. Akimsikia uani anajifunika kanga na kuzunguka nyuma ya nyumba. Si uhasama, ni heshima. Na Mzee Andongwisye wa Ikolo hakuwa mtu wa kuichezea heshima hiyo. Tangu aolewe na mwanawe, Godwin, Tusekile hakuwahi kuuona uso wa mzee huyo sawasawa.

Masika ya mwaka 1998 mito ilifurika, mashamba ya mpunga yakageuka ziwa, kipindupindu kikafuata. Kambi ilifunguliwa katika darasa la shule ya msingi. Tabibu wetu, Ezekiel, alikwama ng'ambo baada ya daraja kwenda na maji. Tulibaki Tusekile na mimi, Felista, wakati huo mhudumu tu, kazi yangu ndoo na klorini. Asubuhi moja wakamleta Mzee Andongwisye kwenye machela ya mianzi, macho yameingia ndani, sauti imekwisha.

Tusekile akakimbilia nyuma ya ubao. Nilidhani anafuata dawa, kumbe amejificha kama alivyofundwa. Kutoka huko akaniagiza nimnyweshe mzee maji ya chumvi na sukari, akayatapika yote. Ilihitajika dripu, na mimi dripu sikuwahi kufundishwa. Mlangoni alisimama mama mkwe, Jeni, na ndugu wa mume. Mama akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mkwe atakayemgusa baba hatakuwa na jiko pale nyumbani, na Godwin atatafutiwa mwingine. Hakuwa mkatili. Aliogopa laana kuliko ugonjwa, na wengi wetu tungeogopa vilevile. Nikashika kifundo cha mzee, mapigo yakanipotea. Nilimwambia Tusekile hivyo.

Akatoka. Kanga mabegani, uso wazi, sindano mkononi. Mzee alipomwona akageukia ukutani, na kwa nguvu kidogo zilizobaki akauvuta mkono wake chini ya shuka. Watu mlangoni wakaguna. Kumshika kwa nguvu kusingefaa kitu, mshipa umenywea na mgonjwa anakataa. Tusekile akapiga magoti.

“Tata, baba yangu, nipe mkono. Ukishapona, unifukuze.”

Tukangoja. Niliomba Mungu kwa lugha zote mbili ninazozijua. Kisha shuka likasogea, mkono ukatoka. Tusekile akatafuta mshipa kwa ncha ya kidole, akakosa, akatafuta tena, akaupata. Maji yakaanza kushuka. Mimi nililia; yeye hakulia, alikuwa anaangalia matone.

Mzee akapona, na mkwe akafukuzwa. Alirudi kwa wazazi wake Bondeni, watoto wakabaki Ikolo, na zamu za usiku aliziomba yeye mwenyewe kwa sababu usingizi haukuja. Godwin alihangaika baina ya mke na ukoo hadi wazee wakakubali amrudishe. Hata hivyo jina lilishakwama: yule aliyemgusa baba mkwe. Misibani wanawake walisogeza mikeka mbali naye. Mzee mwenyewe hakumlaumu wala kumtetea.

Mwaka 2010 Tusekile aliacha kazi akachukua fomu ya ubunge. Tulijua akishindwa hana pa kurudi, na washindani wake walijua pa kumpiga. Katika mkutano wa kura za maoni pale Ikolo, mwanachama mmoja aitwaye Sadoki aliuliza: mwanamke asiyemwogopa baba mkwe, huko bungeni ataheshimu nini? Watu wakatazamana. Tusekile alisimama na kipaza sauti asijue aanzie wapi, maana kumtaja baba mkwe hadharani nako ni mwiko.

Ndipo nyuma kabisa akainuka Mzee Andongwisye. Alisema akitazama nje ya mlango, asije akamwona mkwe wake.

“Mkono ni wangu. Nilimpa mwenyewe.”

Akaketi. Sadoki naye akaketi. Ikolo ilimpigia Tusekile kura, na kata nyingine zikafuata.

Mzee sasa amevuka miaka tisini. Tulimwalika akae meza kuu. Kuja amekubali, meza kuu ameikataa: anataka kiti nyuma ya nguzo ya kushoto, amsikie mkwe wake bila kumwona, maana adabu ni adabu hata baada ya dripu. Tulipomweleza Tusekile alicheka hadi akafuta machozi, kisha akasema ndivyo inavyopasa.

Basi Sista Tuse, ndaga fijo, asante sana, kutoka kwetu sote, kwa watoto uliowapokea na kwa wagonjwa uliokataa kuwaacha. Tunakuombea uzee wenye afya, mpunga ghalani na usingizi usiokatizwa na kengele ya wodi. Tuna ombi moja tu: siku hiyo utakapohutubia, usigeuke kushoto.