Papai za Njia ya Mangina

Tamar: Haloo? Ni nani?

Mama: Ni mimi.

Tamar: Mimi nani? Hii namba siijue.

Mama: Mama yako, Tamar. Niko na simu ya Kahongya, jirani wetu wa hapa mutaa ya Ruwenzori. Butembo iko aje? Batu ba kwenu Vulamba bote bazima?

Tamar: Tuko bazima, Mama. Mvua tu. Na Beni?

Mama: Beni iko. [réseau ya simu inakwaruza] Na tumbo?

Tamar: Inacheza mupira usiku muzima.

Mama: Njo muzuri. Ile sac ya papai ilifika?

Tamar: Ilifika. Jéthro wa pikipiki aliileta juzi. Wasingya, aksanti, Mama.

Mama: Na unakula? Infirmière wa ku hospitali alisema mbele yangu: damu yako iko kidogo, ukule matunda kila siku, pamoja na sombe ya majani ya muhogo na maharagi, juu ile chakula igeuke damu –

Tamar: Nakulaka, Mama.

Mama: – na choo itoke bila kulia.

Tamar: Mama, niko katikati ya batu.

Mama: Hata bo bakule. Donc kila siku?

Tamar: Kila siku.

Mama: Aksanti Yesu. Roho inatulia.

Tamar: Mais simu yako iko wapi?

Mama: Ilipotea.

Tamar: Wapi?

Mama: Ku soko.

Tamar: Balikuibia?

Mama: Ilianguka. Nilikuwa nakimbia.

Tamar: Kukimbia ku soko? Juu ya nini?

Mama: Mvua –

Tamar: Mama.

Mama: [réseau inakatakata] ... mu kakao ya Kambere, pale ...

Tamar: Kakao ya Kambere inapakana na shamba yetu. Ni njia ya Mangina. Ulienda ku shamba? Si uliniambia papai unanunuaka ku soko?

Mama: Za soko bachumaka zikingali mbichi. Zetu zinaivia ku muti.

Tamar: Na tulikimbia ile shamba juu ya nini?

Mama: Naendaka asubuhi, narudi mbio –

Tamar: Adui ba mu pori, bale ba kuua batu, baliingia?

Mama: Balipita tu.

Tamar: Balikuona?

Mama: Nililala chini ya majani ya kakao. Moja alisimama karibu, nikaona buti yake, matope mpaka hapa. Kisha akaenda. Mbona unalia?

Tamar: Silie.

Mama: Sac niliiacha kule. Njo maana nakuita, juu usingojee pikipiki ya Jéthro bure. Wiki hii utachelewa kupata. Nitarudi siku ya ine ya wiki –

Tamar: Hapana. Usirudi, Mama.

Mama: Na damu yako?

Tamar: Infirmière... alisema niache papai.

Mama: Anakukataza?

Tamar: Eeh. Papai basi.

Mama: Sawa. Tutabadilisha. Avoka yetu iko ngambo ya muto, mbali kidogo, mais nikitoka mapema –

Tamar: Hapana, Mama.

Mama: Marakuja? Nayo iko kule kule.

Tamar: Mama, sikulake.

Mama: Nini?

Tamar: Papai. Sikulake. Harufu yake inanitapisha, tangu mimba ikuwe ya miezi mitatu. Nilijaribu.

Mama: Na zinaendaka wapi?

Tamar: Zinaishaka tu.

Mama: Tamar. Ile masac yote.

Tamar: Kwa nguruwe.

Mama: Nguruwe...

Tamar: Haloo? Mama, uko?

Mama: Niko.

Tamar: Nilifikiri ni za soko. Kila mara ulikuwa unafurahi sana, mi nikashindwa kusema. Ningejua, Mama, ningejua kama –

Mama: Nguruwe inanona?

Tamar: Inanona, Mama.

Mama: Basi iko na damu mingi kukushinda.

Tamar: Mama...

Mama: Mi nilikubongopea soko, we ukanibongopea kinywa. Mu sac munabakia ngapi?

Tamar: Moja.

Mama: Leta. Kata. Kamulia ndimu, tia na chumvi kidogo, harufu itakufa. Mimba yako yenyewe nayo ilinitapisha, njo vile nilikuwa nakula.

Tamar: Niko nakata.

Mama: Kula nisikie.

Tamar: Apa kwanza kama siku ya ine hauendi.

Mama: Kula kwanza.

Tamar: [anatafuna]

Mama: Meza.

Tamar: Nimemeza. Apa.

Mama: Ukikula za soko ya Butembo, siendi. Machungwa, ndizi, yenye haikutapishe. Mais kila siku, Tamar. Kila siku ya kweli.

Tamar: Nitakuita kila magaribi usikie.

Mama: Ku simu gani?

Tamar: Ku ya Kahongya.

Mama: Eko ananiangalia vibaya. Maunité yake ya simu inaisha. Kata kipande ingine.

Tamar: [anatafuna] Mama, unisamehe juu ya –

Mama: Usisemee mu chakula. Tafuna, niko nasiki – [simu inakatika]

Tamar: Haloo? Mama? [anatafuna]