Mwalimu Vital na Sauti ya Kuanzia

Wapendwa mliokuja kutushika mkono, wachungaji wetu, walimu, majirani wa Ngezi na wa Mudzipela, wanakwaya wa pande zote mbili, mimi ninayesimama mbele yenu ni Aimé, mdogo wake marehemu, muuza mbao, na familia imenichagua nisome historia hii, ingawa wengi wenu mnajua kwamba katika ukoo wa mwanamuziki mimi nilipewa sauti ya kuitia wateja sokoni, na marehemu mwenyewe alinifukuza katika masomo yake mara tatu, mara ya mwisho mbele ya watoto wa miaka minane. Nitasoma polepole, na mwishoni kuna jambo moja aliloliagiza ambalo linawahusu wanakwaya, kwa hiyo naomba mtu asiondoke.

Mwalimu Vital Lokana alizaliwa Fataki, katika territoire, yaani wilaya, ya Djugu, siku ya Jumatatu tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka 1949, mtoto wa tatu kati ya saba, baba yetu akiwa mkulima na katekista, mama yetu akiwa Emerance, ambaye alitusimulia kwamba mtoto huyu alikuwa analia siku nzima na kunyamaza tu kengele ya kanisa ilipopigwa, halafu kengele ikiisha anaanza tena.

Masomo ya msingi aliyafanya palepale Fataki, kuanzia mwaka 1955 hadi 1961, na huko bruda mmoja, mtawa wa misheni aliyeongoza kwaya, alimfundisha kusoma noti, na siku anaondoka kwenda kusomea ualimu hapa Bunia, mwezi wa tisa mwaka 1962, bruda huyo akampa diapason yake, kile chuma kidogo chenye meno mawili kinachogongwa kwenye goti na kuwekwa karibu na sikio, nacho kinatoa sauti moja tu, ile noti ya la, na kwa sauti hiyo gitaa, kinanda na makoo ya watu vyote vinalinganishwa kabla ya kuanza. Chuma kile alikibeba katika mfuko wa shati kwa miaka arobaini na mmoja, na mama mkwe wangu, alipomwona mara ya kwanza, aliuliza kama ni mganga.

Alimaliza ualimu mwaka 1968, kwa sababu fujo za mwaka 1964 zilikatisha masomo, akarudi Fataki, akafundisha darasa la tano na kuongoza kwaya kwa miaka thelathini na mitano, na mtu akimuuliza mbona hatafuti cheo, alijibu kwamba mkurugenzi wa shule haimbi.

Tarehe 27 mwezi wa saba mwaka 1974 alifunga ndoa katika kanisa la Fataki na mama Régine, huyu aliyeketi hapa mbele, na Mungu akawapa watoto watano, kati yao Angélique, Jean-Pierre na Elysée tuko nao leo, na wawili wamelala Fataki, katika makaburi ambayo hatujaweza kurudi kuyapalilia.

Mwezi wa saba mwaka 2003, vita ilipofika Fataki, tulitoka kwa miguu, yeye na gitaa mgongoni, mama Régine na mjukuu mgongoni, siku tatu porini, na katika kuvuka maji diapason ikapotea, wala hakuna aliyerudi kuitafuta, maana nyuma yetu palikuwa na milio ya risasi. Tulipofika Bunia aliishi katika kibanda cha mbao nilichokijenga kule Mudzipela, na kwa miaka karibu miwili sikumsikia akiimba hata mstari mmoja, mimi ambaye zamani nilikuwa namwomba anyamaze nilale.

Mwaka 2005 alipata nyumba ndogo ya kupanga kule Ngezi, na Jumamosi tarehe 12 mwezi wa tatu akaanza kufundisha muziki, watoto kwa kundi Jumamosi asubuhi, watu wazima kwa kundi Jumatano wakitoka kazini, na kwa wenye haya kukawa na masomo ya mtu mmoja mmoja nyuma ya pazia, ambako walipita daktari mmoja, polisi mmoja, na mchungaji mmoja ambaye simtaji kwa sababu ameketi mstari wa kwanza. Mchango wangu kwa muziki wa mji huu ni mabenchi, nilitoa mbao na misumari, na ndipo nilipoona jinsi alivyowapanga watu. Sitataja makabila hapa, mnayajua, na miaka ile kila mtu aliulizwa kabila kabla ya jina, lakini yeye alimsikiliza mtu sauti tu, mwenye sauti nzito akae na wenye sauti nzito, mwenye nyembamba akae na wenye nyembamba, hivyo watu ambao asubuhi walikuwa wamepishana njiani bila salamu, jioni walijikuta wanashikilia karatasi moja.

Kuhusu diapason iliyopotea, watu walimuuliza atalinganisha magitaa kwa kitu gani, naye akagusa kichwa chake akasema, "La iko humu ndani, haiwezi kupotea." Nasi tuliamini, na yeye aliamini.

Mwaka 2006 alikuja Jumatano moja mama Hortense, muuguzi, ambaye tangu alipomzika mume wake mwaka 2003 alikuwa hajaimba, hata kanisani alisimama amefunga mdomo, na kwa miezi minne aliketi kwenye benchi la nyuma akisikiliza tu, mwalimu akimpita bila kumsukuma, mpaka siku moja ya mwezi wa kumi, katikati ya zoezi la kawaida kabisa, sauti yake ikatoka, na darasa zima likaendelea kuimba kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu mwalimu aliwakonyeza wasigeuke. Mimi nilikuwa mlangoni natengeneza bawaba, na nyundo nikaiweka chini.

Mpaka mwaka 2011 kwaya sita za Bunia zilikuwa zimepita mikononi mwake, na mwezi wa kumi na mbili mwaka huo, tukijiandaa kwa Noeli, parokia ikanunua kinanda cha umeme kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, na kwaya kubwa ilipojaribu kuimba nacho pamoja na magitaa yake palitokea kitu kibaya sana, hata mimi nilikisikia, na mimi sisikiagi. Watu walisema kinanda kimeharibika, tukakirudisha, mfanyabiashara akaleta cha pili, nacho kikawa kibovu vilevile, na mji mzima ukaanza kumwita mwizi anayetuletea takataka. Siku ya tatu mwalimu aliketi mbele ya kinanda hicho cha pili, akabonyeza noti moja, akaishikilia muda mrefu ameinamisha kichwa, halafu akasimama mbele ya kwaya yote akasema maneno haya, "Clavier haina kosa. Kosa iko mu kichwa yangu."

Kwa miaka ile yote la yake ilikuwa imeshuka kidogo kidogo bila yeye kujua, imeanguka katikati ya noti mbili, si huku wala huku, na kwa kuwa magitaa yote na makoo yote ya mji yalianzia kwake, tulikuwa tumekosea wote kwa kipimo kimoja, ndiyo maana tulipendeza. Alilia siku ile, nasema wazi, nilimwona, hakulia hivyo hata porini.

Kesho yake alikwenda dukani kwa yule mfanyabiashara, akamwomba msamaha mbele ya wateja wake, kisha Kamate, kijana wetu wa mototaksi aliyeanza masomo ya Jumamosi akiwa mtoto, akamletea diapason mpya kutoka Butembo, na kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa tatu mwaka 2012 mwalimu alitembea kwa miguu nyumba hamsini na tatu, akikataa kupakiwa, na kila nyumba aliomba msamaha, kwa watoto pia, akisema aliwafundisha vibaya, akakaza nyuzi za gitaa upya na kwenda nyumba iliyofuata.

Wengi walimsamehe kabla hajamaliza kusema, lakini alipofika kwa mama Hortense, yeye aliweka gitaa lake nyuma ya mgongo na kumwambia, "Mwalimu, iyi la yako njo ilinirudisha. Kama iko mubaya, nitabaki nayo vile vile mubaya." Na karibu watu wazima wote wa Jumatano wakasimama upande wake, vijana wa Jumamosi wakasimama na Kamate na kinanda, na tangu Pasaka ya mwaka 2012 tukawa na kwaya ya la ya juu na kwaya ya la ya chini, ambazo katika harusi moja ziliimba moja ndani na moja uani. Kila upande ulikuwa na watu wa kila aina, kwa mara ya kwanza katika mji wetu tuligawanyika bila kuulizana kabila, na sikujua kama nishukuru au nilie. Mwalimu hakucheka. Aliwafundisha wote, kila upande kwa la yake, na siku moja akaniambia, "Vita haikuwatenganisha bale batu. Njo kosa yangu iliwatenganisha."

Ugonjwa wake ulikuwa kisukari, kilichogunduliwa mwaka 2009, na katika kutembea nyumba zile hamsini na tatu alipata kidonda mguuni ambacho hakikupona. Kwa miaka minne mama Hortense alikuja kila baada ya siku mbili kukisafisha na kukifunga, hakukosa hata siku ya mvua, na alipokuwa anafunga bendeji walibishana kuhusu la mpaka mama Régine anawaletea chai wanyamaze, na kila Jumanne Kamate alimpakia kwenye pikipiki yake kumpeleka hospitali, akiendesha polepole hata wenzake wakamcheka. Wawili hawa walikutana mlangoni mara nyingi, wakasalimiana kwa heshima, wakaulizana habari za mgonjwa, na hawakuimba pamoja.

Mwezi wa pili mwaka huu wa 2016 mguu ulikatwa chini ya goti, mwezi wa nne figo zikachoka, na Jumapili tarehe 8 mwezi wa tano, baada ya misa, alituita kando ya kitanda mama Régine, Angélique, mama Hortense, Kamate na mimi. Tulidhani atachagua kati ya la mbili, na nakiri niliogopa, maana niliona uso wa mama Hortense na uso wa Kamate, na kila mmoja alikuwa anangoja kuchaguliwa. Akauliza ni nani ataanzisha wimbo kaburini. Kisha akajijibu mwenyewe, "Hortense asianzishe, Kamate asianzishe. Aimé njo ataanzisha, sababu ye hana la yoyote. Pahali sauti yake itaangukia, bote bamufuate." Nikamwambia, yaya, kaka yangu mkubwa, utanifedhehesha mbele ya watu, naye akacheka, na hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichosikia, kwa sababu kesho yake, Jumatatu tarehe 9, saa nne asubuhi, alikata roho akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, walimu wenzake wa Fataki waliotawanyika na leo wamefika, majirani wa Ngezi waliovumilia magitaa ya wanaojifunza kwa miaka kumi na mmoja, vijana wa mototaksi waliolisindikiza jeneza, na yule mfanyabiashara wa vinanda, ambaye tulimwita mwizi, na viti mnavyokalia ameleta yeye bila kuombwa. Tunamshukuru mama Hortense kwa mikono yake, tunamshukuru Kamate kwa mwendo wake wa polepole, na mimi binafsi namshukuru Mungu kwa kunipa yaya ambaye kosa lake moja lilituimbisha miaka sita, na ambaye alipolijua alikwenda kulisema mlango kwa mlango, katika mji ambapo wengi wetu tunangoja bado mtu mmoja tu aje mlangoni aseme hivyo.

Wimbo ni ule wa kwanza aliowafundisha wote, wa mistari miwili, mnaujua. La ya juu, la ya chini, simameni, changanyikeni kama alivyokuwa anawapanga, nzito kwa nzito na nyembamba kwa nyembamba, na mama Hortense na Kamate wasogee hapa karibu yangu, wanishike mkono, mmoja huku na mmoja huku. Pale nitakapoangukia mnifuate, hata kama ni pabaya.

Yaya Vital, umechoka, pumzika, amani ya Mungu ikae nawe. Karatasi imeisha, sasa naanza.