Bustani Penye Kamba ya Mama Mkwe

Mshonaji na fundi bomba walijuana asubuhi ile ile, kwenye siti iliyo mbele yangu basini. Mshonaji alisema maji ya mvua ya paa lake yanaingia chumbani kwa mama mkwe, naye anataka kuchimba bustani ya shimo, ya kuyanyonya, kando ya ukuta.

"Hapana, dada, utalowesha msingi," fundi alimwambia. "Sogea hatua tano. Paa lina ukubwa gani?" "Hatua kumi kwa nane." "Basi chimba nne kwa nne, kina shubiri moja." "Hapo ndipo mama anapoanika nguo zake." "Si aanike kwingine." "Kamwambie wewe, kaka."

Fundi akakohoa. Hata mimi nisingekwenda. "Kwani ni mkali sana?" akauliza. Basi likasimama. Mshonaji akashuka akicheka, na fundi, aliyekuwa anakwenda hadi kituo cha mwisho, akabeba begi lake la vifaa akamfuata.