Baba yetu Sebineza na mashini kuukuu za reli ya Kalemie

Wazee wetu wa Bibokoboko, jamaa mliopanda kutoka Baraka na Swima, na ninyi wafanyakazi wa reli mliokuja kwa meli kutoka Kalemie, mkashuka Kazimia na kumalizia njia kwa miguu, familia imenituma mimi Marthe, binti wa pili wa marehemu, niwasomee maisha yake, naomba muivumilie sauti yangu.

Baba yetu Sebineza alizaliwa hapa Bibokoboko tarehe 11 Agosti 1936, mtoto wa kwanza wa mzee Sebasaza na mama Mukabera, akabatizwa kwa jina la Isidore, jina ambalo tangu mwaka 1972, serikali ilipokataza majina ya kigeni, hakuliandika tena kwenye karatasi yoyote, ingawa mama yetu aliendelea kumwita hivyo nyumbani. Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1945 hadi 1951, kisha akachunga ng'ombe wa baba yake kwa miaka mitano.

Tarehe 3 Februari 1956 alishuka ziwani, akafika Kalemie, akaandikwa kazi kwenye atelie ya reli, pale mashini zinapotengenezwa, kazi ya kupakia kuni na kujaza maji katika mashini za moshi zilizovuta treni kwenda Kabalo. Tarehe 16 Julai 1960 alimwoa mama yetu Mukarurangwa, harusi ikafungwa hapa Bibokoboko, na Mungu akawapa watoto wanne, Placide, Godelieve, mimi Marthe na Émilienne.

Mwaka 1970 zilifika mashini mpya za mazuti, yaani dizeli, wakubwa wakatangaza kwamba zile za kuni zitakatwa kuwa chuma chakavu moja baada ya nyingine, na baba, ambaye alikuwa amezinywesha maji kwa miaka kumi na minne, hakukubali ziondoke bila mtu kuzitunzia sura zao.

Jambo linalofuata tunalisoma kwa sababu yeye mwenyewe alituagiza lisifichwe. Mzee Sebasaza alikuwa amempa mtamba, aliyezaliwa na ng'ombe wa urafiki ambaye mzee Gasore aliwahi kumpa Sebasaza, na kwetu ng'ombe wa urafiki, pamoja na wote anaowazaa, hauzwi kabla aliyemtoa hajaambiwa kwa kinywa. Baba aliogopa kukataliwa, akamteremsha yule mtamba hadi soko la Baraka tarehe 19 Januari 1971, akamuuza kimya kimya, akanunua apareyi ya picha. Gasore alipata habari kwa wachuuzi wa samaki, akaja uani kwa babu yetu, akakataa kiti, akasema, "Sebasaza, mutoto wako alipitisha ng'ombe yangu mbele ya macho yangu, hata salamu hakutoa, sasa atakamua moshi?" Babu akatuma neno Kalemie kwamba Sebineza asikanyage tena Bibokoboko mpaka Gasore mwenyewe amwite.

Basi baba akaanza kazi yake ya picha akiwa mtu asiye na kwao. Hakupiga mashini picha siku ya kwanza, alikaa siku nzima akiitazama, kama mchungaji anavyomtazama ng'ombe mgeni, akajua ipi inachechemea kwenye kona za mto Lukuga na ipi inakohoa asubuhi za baridi, halafu akaipiga saa ya kunywa maji, maana alisema kila kiumbe hutulia kinapokunywa. Nyuma ya kila picha aliandika namba, rangi na makovu, na filimu zake zilikauka nyumbani kwenye kamba moja na nepi za Émilienne. Dereva Fabien, ambaye yuko hapa leo, alikuwa akimtania, "We muchungaji, hii yangu itazaa lini?" naye baba alimjibu, "Ikizaa, we leta kikombe tu." Mwezi wa Machi 1974 askari walimkamata karibu na daraja, kwa sababu reli haikuruhusiwa kupigwa picha, wakamfunga siku nne na kuchukua filimu moja, ni Fabien aliyekwenda kumwombea. Mashini ya mwisho ilikatwa tarehe 8 Novemba 1976, na sura za mashini kumi na tisa zilibaki katika albamu ya baba.

Mwaka 1977 alihamia Baraka, akafungua studio karibu na soko, akapiga picha za kadi za chama, za harusi na za ubatizo, huku milima ya kwao akiiona kila asubuhi. Mzee Sebasaza alipofariki tarehe 5 Septemba 1979, baba hakuitwa, akaishia njiani, mahali ambapo mlima unaanza kupanda, akakaa hapo mpaka walioshuka kutoka mazikoni walipompita.

Ugonjwa wa ini ulimshika mwezi wa Mei 1984, na kitu kimoja tu alichoomba ni kurudi kwao kabla ya kufa. Mwezi wa Juni 1985 mama alichukua ile albamu akaipeleka kwa mzee Gasore, mzee akaitazama mpaka ukurasa wa mwisho, akasema, "Ni mizuri, Mukarurangwa, lakini picha haina kinywa. Mwenye kinywa iko wapi? Aje." Tarehe 2 Agosti 1985 baba alifika, baada ya siku mbili za kupanda na kupumzika, akasimama kwenye zizi la Gasore mbele ya watu, akasema, niliuza mtamba wako Baraka, sikukuambia, niliogopa. Mzee akamuuliza rangi yake, baba akajibu bila kusita, kahawia, alama nyeupe kwenye paji, ndogo kama kidole gumba, pembe ya kushoto imelala kidogo. Gasore akasema, "Ungeniambia tu, mutoto wangu. Ningekupa na kamba ya kumufunga." Akampa maziwa kwa mkono wake, na jioni yote wakabishana juu ya albamu, mzee akichagua mashini ambayo angekubali iingie zizini mwake.

Baba alibaki hapa, na tarehe 27 Aprili 1986, saa tatu asubuhi, alituacha, akiwa na miaka arobaini na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Baraka, majirani waliombeba kwenye machela alipozidiwa, wafanyakazi wenzake wa reli, na dereva Fabien, na wewe mzee Gasore, uliyeshika jembe jana pamoja na vijana, ukakataa kupokewa, mpaka kaburi la huyu mwanao likafika kina chake kando ya Sebasaza.

Baba, uko kwenu sasa, hakuna atakayekuuliza umeingia kwa ruhusa ya nani, lala kwa amani ya Mungu.