Nani Atasimama Kushoto kwa Mama Yenu

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki mbali tena. Nianze na jambo lililonishinda. Mguu wa kushoto wa mama yenu, ambao tangu aumie ubongo miaka tisa iliyopita unyayo wake huning'inia na vidole huburuzika sakafuni, hauinuki akiuamuru, lakini akipiga miayo huinuka wenyewe. Nimeshona viatu miaka arobaini, nimeshika nyayo za kila namna, na hilo sijalielewa. Niliwahi kuketi mbele yake nikapiga miayo ya uongo ili nimwambukize, akaniambia, "Mzee, kama una usingizi kalale, mguu wangu uache." Daktari naye alicheka tu. Si kila fundo hufunguliwa na aliyelikuta.

Ninachokijua nawaachia. Nyumba ni ya mama yenu mpaka siku yake ya mwisho. Kibanda cha viatu, cherehani na kalibu zote ni vya binti yangu, kwa kuwa yeye peke yake hushika shazia, ile sindano kubwa ya ngozi, bila kujichoma. Kitinda mimba, chukua redio na vitabu, na usimwazime mjomba wako, harudishi. Hayo ni mepesi. Zito ni hili: nikiondoka, nani atasimama upande wa kushoto wa mama yenu? Nimewasikia mkinong'ona sebuleni juu ya kiti cha magurudumu. Siwalaumu, mnamwonea huruma. Lakini akizoea kukaa hatasimama tena, naye anataka aende kwa miguu yake mpaka kwa jirani, wakagombane kama kawaida yao.

Kwa hiyo shikeni haya. Asubuhi, kabla hajashuka kitandani, goti likiwa limenyooka, usukumeni unyayo uelekee juu, polepole, mhesabu mpaka thelathini, kisha mrudie. Halafu soksi ndefu isiyo na mikunjo, halafu lile ganda la plastiki linaloshikilia unyayo. Kisigino kikae mpaka mwisho ndipo mfunge mikanda, kiatu kije baadaye. Mkilivua, tazameni ngozi, hasa kwenye kifundo. Hapo pana kosa langu. Mwaka wa kwanza nililidharau ganda la hospitali, nikasema, fundi mzima nimvalishe mke wangu plastiki? Nikamshonea la ngozi, lenye mishono ya kupendeza, nikalikaza kama ninavyokaza buti la mteja, nikamuuliza kama ninavyomuuliza mteja, "Linabana?" Akasema halibani. Nikasahau kwamba mguu ule hausikii vizuri. Kidonda kilichimba mpaka karibu na mfupa, akalala miezi miwili kwa ajili ya ufundi wangu. Mguu ule msiuulize, utazameni.

Akitembea, kaeni kushoto kwake, nusu hatua nyuma, wala msimvute mkono. Mazulia niliyoyaondoa yasirudishwe. Akiwatukana, na atawatukana, jueni ubongo ulioumia ni gari lisilo na breki. Nendeni mkanywe maji, kisha mrudi kana kwamba hamkusikia.

Sasa wewe, kifungua mimba wangu. Siku ile ya ajali pikipiki ulikuwa ukiiendesha wewe, mama yako nyuma, kichwa wazi, maana kofia ilikuwa moja naye alikataa kuivaa ili uivae wewe. Hilo nililijua tangu aliporudiwa na kauli, yeye mwenyewe alinieleza. Hata hivyo kwa miaka tisa nimekuitikia salamu tu, ukija unakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyeleta barua. Nilihitaji wa kumlaumu, na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Nisamehe, baba.

Kazi hii nilikuwa nimempangia dada yako. Juzi nikamwambia mama yenu. Mnajua maneno humchukua muda, mwishowe akasema, "Nampa mkubwa."

Nikamwambia, "Huyo aliyekuangusha?"

Akasema, "Ndiyo. Hawa wengine watanizoea. Yeye ataogopa kila siku."

Nimeliwaza neno hilo siku mbili. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiguswa na jani, nami siku zote niliona huo ni udhaifu. Basi imeamuliwa, na aliyeamua ni mwenye mguu. Kiti cha magurudumu hakitanunuliwa maadamu anaweza kusimama. Mkubwa, hamia chumba cha nyuma leo hii. Dada yako atakupokea siku utakayougua, lakini asubuhi ni zako.

Nipeni maji... Inatosha.

Mungu awape mikono mipole. Awape usingizi wa kutosha, na watoto watakaowavumilia. Mliyonikosea nimeyaacha. Niliyowakosea... msiyabebe, mtachoka bure.

Ameamka, namsikia. Usinitazame mimi, mwanangu, nenda kwake. Soksi ivute, hapo... ndiyo. Kisigino kwanza. Usitetemeke. Au tetemeka, si neno, lakini funga.

Mwache ainuke mwenyewe.

Wamefika wapi? Mimi sioni vizuri... Uani? Wote wawili?

Waacheni. Msiwaite.